Fomu ya Ukuta

Ukuta wa ndani ni wako, alisema Shekuwe,
ufanye utakavyo, upake hata rangi ya papai.
Wa nje ni wa mji.
Akafungua droo, akanipa fomu ya kurasa nne
na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza
kama mbuzi.

Nilitaka dirisha. Dogo tu,
mama aone ni nani apitaye bila kusalimu.
Tangu kiharusi kimshike tumemteremsha chini,
ngazi zetu hazina huruma,
na chumba cha chini kina zidaka kumi na tatu
wala hakina tundu moja la kutazamia.

Nikajaza. Mwenye nyumba: Mwanaate binti Lali.
Mtaa: Mkomani.
Unene wa ukuta: dhiraa moja na kitu.
Aina ya badiliko. Hapo nikakwama.
Kuongeza, kubomoa, kutoboa, kupaka,
chagua moja, kila moja na ada yake.
Nikatia alama kwenye kutoboa.
Shekuwe akaitazama kama doa kwenye kanzu ya Ijumaa.

Saruji, hapana. Saruji hulikaba jiwe,
na jiwe la matumbawe lataka kupumua,
likinyimwa pumzi hulia chumvi mpaka likamumunyuka.
Chokaa tu, tena iliyolala shimoni ikapoa.
Fremu ya mbao.
Dirisha lisitazamane na dirisha la jirani,
na jirani atie sahihi.

Jirani ni Bi Zaituni.
Miaka tisa hatusemezani, kwa sababu ya mlizamu wetu
uliomwaga maji ya mvua juu ya arusi ya mwanawe.
Kichochoro ni chembamba,
nikinyoosha mkono nagusa ukuta wake,
lakini kuufikia mlango wake kulinichukua wiki mbili.
Alisoma fomu yote, hata yale maandishi madogo ya chini.
Akatia sahihi ndefu, ya mtu aliyewahi kusomesha.
Ule mlizamu, akasema, uko vile vile.

Alhamisi Shekuwe akaja na futi yake.
Fundi Kupi akakwangua plasta iliyofura
ili ofisi ilione jiwe lilivyo.
Ikaanguka vipande vipande, vumbi likatujaa kope,
mara patasi ikalia sauti nyingine.
Boriti. Boriti ya mkoko, imelala,
na chini yake mawe yaliyopangwa mbiombio,
tope mahali pa chokaa.
Kazi ya usiku hii, alisema Fundi.
Hapa palikuwa na dirisha.

Shekuwe akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.
Basi si kutoboa, ni kurudisha.
Kurudisha kuna fomu yake.
Na itabidi tujue nani aliziba, mwaka gani,
na kwa kibali cha nani.

Tukaingia kumuuliza mama, sote,
Bi Zaituni naye, mtandio umejaa vumbi la ukuta wangu.
Mama, ambaye tangu Rajabu maneno humtoka nusunusu,
aligeuzia uso pale palipokuwa pakigongwa.
Baba, akasema.
Akanyamaza. Tukadhani ameishia hapo.
Palikuwa na mtu akipita ndia hii na sinia la halua.
Mara nne kwa siku.
Halua gani hiyo, ya mara nne kwa siku?

Ami Bwanaheri! Bi Zaituni akaangua kicheko,
akakaa ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa.

Kibali, Shekuwe akarudia, kalamu juu. Kibali cha nani?
Mama akamtazama
kama anayemtafuta mtu nyuma ya bega lake.
Mimi hakuniuliza mtu.

Akayaandika hivyo hivyo,
kwenye nafasi iliyoachwa kwa matumizi ya ofisi.

Kikao ni mwezi ujao.
Mlizamu nimeugeuza, sasa wamwaga kwangu.
Fundi Kupi ametoa jiwe moja tu, la kupimia unene,
asema fomu haikutaja
lirudishwe lini.